Mikunde Yetu, Vimeng'enya na Usalama wa Unga wa Watoto

Hotuba ya Kamati ya Lishe na Kipato kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu cha maendeleo, Mtumba



Tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha tena tukiwa hai, na tunawakumbuka wenzetu waliotangulia mbele ya haki tangu tulipokutana mara ya mwisho. Tunaishukuru pia kamati ya utendaji kwa kutupa nafasi hii. Tuliombwa tueleze mradi mmoja tu ambao fedha za harambee ya mwaka huu zielekezwe kwake, na tueleze kwa lugha ambayo bibi wa Mtumba ataielewa sawasawa na mjukuu wake anayesoma UDOM. Tutajaribu.

Mradi wenyewe ni chumba cha kusindika na kupima unga lishe wa watoto. Malighafi yake ni nafaka zetu na mazao ya jamii ya mikunde: karanga, kunde, choroko, mbaazi, njugu mawe na soya. Na kitu tutakachokitumia kuhakikisha unga huo ni salama kimo ndani ya mikunde hiyo hiyo. Kinaitwa kimeng'enya.

KWA NINI UNGA, NA KWA NINI SASA

Ndugu zetu, Mtumba ya leo si ile tuliyokulia. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, tukausubiri miaka mingi, na mwaka 2019 Mji wa Serikali ukazinduliwa hapa hapa kwetu. Zimekuja barabara, maji, umeme na wageni wengi. Tunayashukuru hayo yote. Lakini pamoja nayo mashamba mengi yamekuwa viwanja. Mama aliyekuwa akitoa karanga kwenye kihenge chake, akijua zilivunwa lini na zilianikwa wapi, leo anakwenda dukani kununua kifuko cha unga uliosagwa na mtu asiyemjua, kwa nafaka asizoziona.

Zamani usalama wa chakula ulilindwa na macho ya mama. Aliona karanga iliyosinyaa akaitupa. Alinusa mtama akajua una uvundo. Unga uliokwisha kusagwa hauonyeshi hayo. Soya mbichi na soya iliyochemshwa zikisagwa zinafanana. Karanga nzuri na karanga yenye kuvu zikisagwa pamoja zinafanana. Anayekula unga huo kila siku, asubuhi na jioni, ni mtoto wa miezi sita hadi miaka miwili, asiyeweza kusema tumbo linamuuma.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mwaka 2015 na 2016 walikuwa 34. Tumepiga hatua kama nchi, lakini hata ile 30 ni karibu mtoto mmoja katika kila watatu. Ndiyo maana vikundi vya akina mama vinahimizwa kutengeneza unga lishe, na ndiyo maana tunasema: unga huo ukitengenezwa vibaya, tutakuwa tumempa mtoto tatizo jipya ndani ya kikombe cha dawa.

Wengine hapa hawajasahau mwaka 2016. Katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 kati yao walifariki. Chanzo kilikuwa mahindi waliyoyalima na kuyahifadhi wao wenyewe nyumbani. Tunalitaja jambo hili kwa heshima ya waliofiwa, na kwa sababu linatukumbusha kwamba chakula kibaya si lazima kiwe na harufu mbaya ndipo kiue. Hapana. Kinaweza kuua kikiwa na ladha ya kawaida kabisa.

KIMENG'ENYA NI KITU GANI

Neno ni geni, jambo lenyewe mnalijua. Bibi zetu waliloweka mtama, wakaufunika ukachipua, wakauanika na kuusaga, wakapata kimea. Ukitia kijiko cha kimea kwenye uji mzito wa moto usiounguza mdomo, baada ya dakika chache uji unalegea na kuwa mtamu kidogo, bila kuongeza maji wala sukari. Nani kaulegeza? Ni kimeng'enya kinachoitwa amilasi. Mbegu ilipoanza kuota ilikitengeneza ili ivunje wanga wake na kulisha mche. Sisi tunakiazima kituvunjie wanga wa uji.

Basi kimeng'enya ni aina ya protini ambayo mmea, mnyama au mtu huitengeneza ili kuharakisha kazi moja maalumu. Kila kimoja kina kazi yake: hiki huvunja wanga, kile huvunja mafuta, kingine hukata protini. Kinahitaji kidogo tu ili kifanye kazi kubwa, na moto mkali unakiharibu. Hayo mambo mawili, kwamba kinafanya kazi moja tu na kwamba moto unakiua, yashikeni, maana mradi wetu wote umesimama juu yake.

Kazi ya kimea kwa uji wa watoto haikuishia kwa bibi zetu. Watafiti Mosha na Svanberg waliichunguza hapa Tanzania na kuchapisha matokeo mwaka 1983. Walionyesha kwamba unga wa nafaka iliyochipua unamwezesha mama kupika uji wenye unga mwingi zaidi ambao bado mtoto anaweza kuumeza. Tumbo la mtoto ni dogo. Akishiba uji wa maji ameshiba maji. Hii ni elimu ya kwetu, na ni fahari yetu.

Hapa tuseme jambo moja la tahadhari. Chipukizi na mizizi ya mtama uliochipua ina asili ya sumu ya sianidi. Ndiyo maana lazima mtama ukikauka usuguliwe na kupepetwa, chipukizi zote na mizizi viondolewe kabla ya kusaga, na uji uchemshwe. Ulezi hauna tatizo hilo, kwa hiyo kwa kimea cha watoto tunapendekeza ulezi.

MIKUNDE INA ULINZI WAKE

Sasa tuje kwenye mikunde. Mmea wa jamii ya mikunde una protini nyingi, na kila mdudu anaitaka. Kwa hiyo mbegu yake imejiwekea ulinzi. Maharage, hasa yale mekundu makubwa, yana kitu kinachoitwa lektini: mbegu nne au tano tu zisizoiva vizuri zinaweza kumtapisha na kumharisha mtu mzima. Dawa yake ni kuloweka, kumwaga maji ya kulowekea, kisha kuchemsha kwa moto wa kutokota, si moto wa kupashia. Kwa hiyo yule anayesaga maharage mabichi na kuyachanganya kwenye unga wa uji, akitegemea kwamba uji utapikwa dakika tano yatosha, anamhatarisha mtoto.

Soya nayo ina vizuizi vya tripsini. Tripsini ni kimeng'enya kilicho tumboni mwetu kinachosaga protini. Soya mbichi inakizuia kisifanye kazi. Mtoto anakula protini nyingi, lakini mwili hauipati. Anabaki vilevile, na tumbo linasumbuka. Mwaka 1917 watafiti wa Marekani, Osborne na Mendel, waliwalisha panya soya mbichi na wengine soya iliyopikwa. Waliokula iliyopikwa walikua vizuri, waliokula mbichi hawakukua ipasavyo. Zaidi ya miaka 100 imepita tangu jambo hilo lijulikane, na bado mtu anaweza kusaga soya iliyobabuliwa juu juu, ndani ikiwa mbichi, akaiuza kwa jina la lishe.

Tatizo ni kwamba vizuizi vya tripsini ni vigumu kupima bila maabara kubwa. Mama wa kikundi atajuaje kama soya yake imeiva kweli?

SHAHIDI ALIYEMO NDANI YA MBEGU

Hapa ndipo kimeng'enya kinapotusaidia. Ndani ya soya mbichi mna kimeng'enya kinaitwa ureasi. Kazi yake ni kuvunja urea, ile ile tunayoijua kwenye mfuko wa mbolea, na kutoa amonia. Ureasi haimdhuru mtoto kwa namna ya vizuizi vile. Lakini ina tabia moja nzuri: inauawa na moto kwa mwendo unaokaribiana sana na wa vizuizi vya tripsini. Kwa hiyo ureasi ikiwa bado hai kwenye unga wa soya, ujue na vizuizi vipo. Ureasi ikiwa imekufa, ujue na vizuizi vimepungua. Ni shahidi aliyekuwepo jikoni wakati wote wa kupika, na hasemi uongo.

Viwanda vya chakula cha mifugo duniani vimetumia shahidi huyu kwa miaka mingi. Kipimo chao cha kawaida huchanganya unga wa soya na maji yenye urea, hukaa dakika 30 kwenye joto la nyuzi 30, kisha hupimwa kiasi ambacho maji yale yamegeuka kutoka utindikasidi kwenda ubesi. Soya iliyoiva vizuri huleta badiliko dogo, kati ya 0.05 na 0.20. Badiliko kubwa maana yake soya ni mbichi. Na kama hakuna badiliko lolote kabisa, huenda soya imeunguzwa hadi protini yake ikaharibika. Kipimo kimoja kinatuambia mambo mawili: haijaiva, au imepitiliza.

Kuna namna rahisi zaidi ya rangi: urea na rangi ya fenoli nyekundu hunyunyiziwa kwenye unga wa soya uliotandazwa kwenye kisahani. Palipo na soya mbichi hutokea madoa mekundu. Mama anayehesabu madoa ya upele kwenye ngozi ya mtoto hatashindwa kuhesabu madoa hayo.

Mtakapotoka, piteni kwenye meza iliyo karibu na mlango. Tumeweka vikombe viwili vya maji yaliyoyeyushiwa mbolea ya urea. Kimoja kimetiwa unga wa soya mbichi, kingine unga wa soya iliyochemshwa dakika 30. Chovyeni karatasi nyekundu ya litimasi. Kwenye soya mbichi itageuka buluu, na ukiinama utasikia harufu ya amonia, kama ya banda la mbuzi asubuhi. Kwenye iliyochemshwa itabaki nyekundu. Tafadhali watoto wasiguse, na mtu asionje.

KUTOKA MBEGU HADI MAABARA

Mtu anaweza kuuliza: kama ni soya tu na maji, kwa nini dunia inahangaika kukamua vimeng'enya kutoka kwenye mimea? Jibu ni kwamba kimeng'enya kilichotolewa kwenye mbegu na kusafishwa kinaweza kupelekwa mahali pengine kikafanye kazi ile ile kwa kipimo kinachojulikana.

Hatua kubwa katika historia ya jambo hili ilitokana na mmoja wa ndugu wa kunde zetu, ile mikunde yenye maganda marefu kama panga iitwayo kanavalia, ambayo baadhi ya wakulima wa Tanzania huipanda kufunika ardhi na kurutubisha udongo. James Sumner, mtafiti wa chuo cha Cornell huko Marekani, aliamua mwaka 1917 kuitoa ureasi kwenye mbegu hizo. Alikuwa amepoteza mkono wa kushoto akiwa kijana wa miaka 17 katika ajali ya uwindaji, naye alikuwa mtu wa kutumia mkono wa kushoto; alishauriwa kwamba kemia haimfai. Alihangaika miaka tisa. Hatimaye mwaka 1926 alisaga mbegu, akazikoroga kwenye maji yaliyotiwa asetoni karibu theluthi moja, akachuja na kuyaacha yale maji kwenye baridi usiku kucha. Asubuhi akakuta fuwele ndogo ndogo. Zilikuwa ureasi safi. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kimeng'enya chochote kupatikana kwa umbo la fuwele, na akathibitisha kwamba kimeng'enya ni protini. Wakubwa wa sayansi wa wakati ule walimpinga. Mwaka 1946 alipewa tuzo ya Nobel.

Tunawasimulia vijana wetu habari hii kwa makusudi. Ugunduzi ule ulitoka kwenye mbegu ya mkunde, kinu, chujio, na subira ya miaka tisa.

Leo vimeng'enya vya mikunde viko kazini sehemu nyingi. Waokaji wa Uingereza na Ufaransa huongeza kiasi kidogo sana cha unga wa soya au wa maharage ya fava kwenye unga wa ngano. Mbegu hizo zina kimeng'enya kiitwacho lipoksijenasi, nacho huufanya mkate uwe mweupe. Kazi kama hiyo kwingineko ilifanywa kwa kemikali. Mojawapo ya kemikali za kuboresha unga wa mkate, potasiamu bromati, iliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani mwaka 1999 kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Kimeng'enya cha mkunde hufanya kazi yake, kisha kinakufa ndani ya tanuri.

Lipoksijenasi hiyo hiyo ndiyo inayoipa soya ile harufu ya majani mabichi ambayo watoto wengi huikataa. Inatokea pale soya mbichi inaposagwa na kukutana na maji. Ukiitumbukiza soya nzima kwenye maji yanayotokota, kimeng'enya kinakufa kabla hakijaanza kazi, na harufu haiji. Hili nalo ni la jikoni, linafanyika bila gharama.

Mfano mwingine unatoka India, na unatumia mbaazi, zao tunalolijua. Kuna wafanyabiashara wasio waaminifu huko ambao huongeza urea kwenye maziwa ili yaonekane mazito. Mamlaka ya usalama wa chakula ya nchi hiyo imewafundisha wananchi kipimo cha nyumbani: chukua kijiko cha chai cha maziwa, tia nusu kijiko cha unga wa soya au wa mbaazi, changanya, subiri dakika tano, chovya karatasi nyekundu ya litimasi. Ikigeuka buluu, maziwa yana urea. Hapo ureasi ya mbaazi imekuwa askari wa soko la maziwa, na hakuna aliyehitaji kuikamua. Sisi ni wafugaji, na mji unaotuzunguka unakunywa maziwa mengi. Hatusemi kuna anayefanya hila hiyo hapa. Tunasema kwamba kipimo kipo, na mbegu yake tunaijua.

TUSICHOKIAHIDI

Ndugu Mwenyekiti, tunataka tuwe wakweli kwa wanaochangia. Vipo vimeng'enya, vikiwemo vya jamii ya peroksidasi kama vile vilivyomo kwenye maganda ya soya, ambavyo watafiti wamevijaribu maabara ili vivunje sumukuvu. Kazi hiyo inaendelea. Lakini asije mtu kwetu akatuuzia unga wa kutia kwenye kihenge akisema unaondoa sumukuvu. Kupika ugali hakuiondoi, na kukaanga karanga hakutoshi. Kinachotulinda leo ni kile kile cha siku zote: kuvuna kwa wakati, kuanika juu ya turubai na si kwenye udongo, kukausha mahindi hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, kutunza kwenye mifuko ya kinga njaa au kihenge kisichopitisha unyevu, na kuchambua karanga kwa mkono, moja moja. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyopasuka au yenye kuvu iondolewe. Isiliwe, isiuzwe, wala isisagwe kuwa siagi ya mtoto. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka sumukuvu zote kwa pamoja zisizidi sehemu 10 katika bilioni, na ile kali kuliko zote, B1, isizidi 5. Kujua kama tumefikia hapo kunahitaji maabara, na ni bahati kwamba serikali, kupitia mradi wa TANIPAC wa kudhibiti sumukuvu, iliichagua Mtumba kwa ajili ya maabara kuu ya kilimo.

Pia hatuahidi kwamba mwakani tutakuwa tunauza vimeng'enya nje ya nchi. Mkoa wetu unajua habari ya ahadi kubwa juu ya mikunde. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wao mkubwa wa karanga pale Kongwa. Walileta matrekta kabla hawajapima vya kutosha mvua na udongo. Udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji, mvua ikakosa, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Babu zetu waliuona ukianza na kuuona ukiisha. Sisi tunaanza na kupima.

TUNACHOOMBA TUFANYE

Mpango wetu una hatua mbili.

Hatua ya kwanza ni chumba. Chumba kimoja chenye sakafu ya kusafishika, maji ya bomba, meza ya kuchambulia, sufuria kubwa za kuchemshia, vichanja vya kuanikia vyenye wavu, kikaangio, mashine ya kusaga ambayo haitasaga kitu kingine, mizani, kipima unyevu na vifaa vya kipimo cha ureasi. Soya itakayoingia humo itachambuliwa, itaoshwa, itatumbukizwa kwenye maji yanayotokota na kuchemshwa kwa saa ya ukutani, si kwa kukisia. Sisi tuko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100. Kwa hiyo dakika zinazotosha Dar es Salaam huenda zisitoshe hapa. Kipimo ndicho kitakachotuambia. Baada ya hapo maganda yataondolewa, soya itaanikwa, itakaangwa kidogo na kusagwa. Kila fungu litapimwa ureasi kabla halijachanganywa. Fungu lisilofaulu litarudishwa kwenye sufuria. Matokeo yataandikwa kwenye daftari ambalo mama yeyote anayenunua anaweza kuomba kuliona. Karanga zitachambuliwa mara mbili, na sampuli zitapelekwa maabara kupimwa sumukuvu. Kwenye kifuko tutaandika kilichomo, kwa sababu wapo watoto ambao miili yao haipatani na karanga au soya.

Kwa nini tunaanza na chumba cha chama na si cha mtu mmoja? Kwa sababu mashine za mtaani husaga kila kitu, na msagaji hawezi kulaumiwa kwa kisichokuwa kazi yake. Tutafuata taratibu za TBS, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo inayosimamia pia usalama wa chakula, na tutaomba mafunzo ya usindikaji SIDO.

Hatua ya pili ni ya vijana. Tunao watoto wetu wanaosoma kemia na sayansi ya chakula UDOM na SUA. Tunataka wapewe kona katika chumba hicho, jokofu dogo na vifaa vya kuchujia, wajifunze kutoa ureasi kwenye mbaazi na kanavalia kwa kusimamiwa na walimu wao, na kutengeneza karatasi au chupa za kupimia ambazo vikundi vingine vya unga lishe vya kanda ya kati vinaweza kununua. Huko Kivu, mashariki ya Congo, wakulima wamekuwa wakigema utomvu wa papai mabichi na kuukausha, nao unauzwa nje kwa ajili ya kimeng'enya cha papaini kinacholainisha nyama.  Kugema na kukausha kunawezekana kwa kisu, bakuli na jua. Jua tunalo. Lakini hatua ya pili isianze kabla ya kwanza kusimama. Mtoto wa miezi minane hawezi kusubiri utafiti ukamilike.

OMBI LETU

Ndugu zetu, mchanganuo wa gharama uko kwenye kurasa za mwisho za kijitabu hiki, kila kifaa na bei yake kama ilivyotolewa na wauzaji watatu. Unaweza kuchagua kifaa kimoja ukakibeba wewe, familia yenu, ukoo wenu au darasa lenu mliosoma pamoja. Asiye na fedha ana mikono: tunahitaji mafundi, wa kuchimba msingi, na akina mama wazoefu watakaowafundisha wengine kuchambua karanga, maana hakuna mashine inayowazidi. Walio na mashamba bado, tunawaomba wapande mbaazi na choroko, na chama kiwe mnunuzi wa kwanza.

Walio mbali, msidhani kwamba mlioacha kijiji mmeachana na unga wake. Mama zenu wanawalea wajukuu hapa. Kifuko kile cha unga kitanunuliwa kwa fedha mnayotuma kwa simu. Mkichangia chumba hiki mnakuwa mmechangia pia kujua kilichomo ndani ya kifuko.

Kwa upande wetu, kamati itatoa taarifa ya mapato na matumizi kila baada ya miezi mitatu, itabandikwa kwenye ofisi za mitaa na kutumwa kwenye kundi la simu la wanachama. Na kwenye mkutano mkuu ujao hatutaleta hotuba. Tutaleta daftari la vipimo: mafungu mangapi yalipimwa, mangapi yalifaulu, mangapi yalirudishwa kwenye sufuria. Kama hakuna lililorudishwa hata moja, tuulizeni maswali makali, maana huenda hatukupima.

Wazee wetu walitulea kwa ugali wa uwele na mtama, mlenda, safwe na karanga. Waliijua mbegu kwa kuigusa. Sisi mazingira yetu yamebadilika, tunaijua kwa kuipima. Nia ni ile ile moja, kwamba mtoto wa Mtumba ale, ashibe, na kile alichokula kimjenge.